Tambi za Viazi: Rangi Inapotelea Wapi?

Hii ni hotuba iliyotolewa na mwalimu mstaafu wa upishi na lishe katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia. Tumeiandika karibu kama alivyoisema. Mwisho tumeongeza baadhi ya maswali yaliyoulizwa.

Najua wengine mmetoka mbali, na wengine mmeacha mahindi juani na mnaangalia mawingu. Kwa hiyo sitakuwa mrefu sana. Lakini naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu leo sikuja kufundisha tu. Nimekuja pia kuungama kosa.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikitembelea kikundi kimoja cha akina mama, wanachama kumi na wanane. Walikuwa wakilima viazi vitamu, vile vya rangi ya machungwa ndani. Mavuno yalikuwa mazuri, bei ikaanguka, kama kawaida yake. Mimi nikawaambia: msiuze kwa hasara. Kateni viazi, kausheni, sageni unga, changanyeni na unga wa ngano, mtengeneze tambi. Watoto wanapenda tambi. Mtapata pesa, na watoto watapata vitamini A.

Akina mama wakakubali. Wakatoa pesa kutoka kwa sanduku la kikundi, wakanunua mashine ndogo ya kukata tambi, ile ya kuzungusha kwa mkono. Tambi za kwanza zilikuwa nzuri ajabu, rangi kama ya jua la jioni. Shule moja ya chekechea ikakubali kuzinunua kila wiki. Sisi tukafurahi, tukasaga magunia matatu ya unga mara moja. Mengine tukaweka stoo chini ya mabati, na mengine tukayajaza kwenye chupa kubwa za kuonyesha na kuzipanga dirishani, ili mgeni akija aone kazi yetu.

Mwezi wa nne mwalimu wa chekechea akaniita kando. Akaniuliza kwa heshima, "Mwalimu, hizi ni tambi za viazi ama ni za ngano tu?" Nikaangalia. Kweli zilikuwa zimepauka. Rangi ilikuwa imekwenda, nami sikujua imekwenda wapi. Shule ikaacha kununua. Pesa ya sanduku ikapotea.

Lakini lililoniuma zaidi ni neno la mama mmoja anayelea mjukuu wake. Aliniambia, "Mwalimu, si pesa tu. Mimi niliacha kumpikia huyu mtoto mboga kila siku, kwa maana nilijua hizi tambi zinampa macho. Sasa nilikuwa nampa nini?"

Sikuwa na jibu. Basi nikaanza kutafuta. Haya nitakayowaambia ndiyo niliyojifunza.

ANTIOKSIDANTI NI KITU GANI?

Chukua ovakado, uikate katikati, uiache mezani. Baada ya saa moja imekuwaje? Imekuwa kahawia. Chukua panga, uliache nje kwa umande wiki moja. Limeshika kutu. Hayo mambo mawili yanafanana: ni hewa inayofanya kazi yake. Ndani ya hewa kuna oksijeni. Oksijeni ndiyo inayotupa uhai, lakini pia ndiyo inayoharibu vitu polepole.

Hata ndani ya mwili wetu jambo kama hilo linaendelea. Mimea nayo inaishi juani siku nzima, kwa hiyo imewekewa walinzi wake. Walinzi hao wanaitwa antioksidanti. Mkikamulia ovakado maji ya ndimu, haibadiliki haraka. Asidi ya ndimu inasaidia, na vitamini C iliyo ndani yake ni mlinzi mmoja.

Walinzi hawa ni wengi. Kuna karotini, ndiyo rangi ya machungwa kwenye viazi, karoti, maboga na maembe. Iko pia kwenye mboga za kijani kibichi kama mchicha, kunde, mnavu na sukuma wiki, ila huko imefichwa na ile rangi ya kijani. Mwili ukipata karotini unaigeuza kuwa vitamini A, ambayo ni ya macho, ngozi na kinga ya mwili. Kuna vitamini C na vitamini E. Halafu kuna kundi kubwa linaloitwa polifenoli. Hizo ziko kwenye majani ya chai, mtama mwekundu, kabeji ya zambarau na vitu vingine vya rangi au vyenye uchungu kidogo.

Sasa sikilizeni neno hili, kwa sababu ndilo kiini cha mambo yote. Mlinzi huyu analinda kwa kupigwa yeye kwanza. Oksijeni ikija, inamshika yeye na kuacha kile kilicho nyuma yake. Kwa hiyo kila unapofungua mlango kwa hewa, mlinzi anapungua. Ukiacha unga wazi miezi minne, walinzi wamepigana vita stoo, na wakati tambi zinafika kwa sahani ya mtoto, wameshaisha. Hapo ndipo rangi yetu ilipopotelea. Hakuna aliyeiiba. Ilitumika kabla ya kufika.

ADUI WANNE

Adui wa walinzi hawa ni wanne: hewa, mwanga, moto na maji. Lakini hawaumizi wote kwa njia moja, na hapo ndipo watu wengi wanachanganyikiwa.

Karotini haiyeyuki katika maji; inayeyuka katika mafuta. Kwa hiyo ukichemsha kiazi, karotini haikimbilii kwenye maji. Adui zake wakubwa ni hewa na mwanga, na moto ukiwa wa muda mrefu. Vitamini C ni tofauti: inayeyuka katika maji na moto unaiumiza upesi. Polifenoli nyingi nazo zinatoka kwenye chakula na kuingia katika maji ya kupikia. Hazikufa, lakini ukimwaga maji umezimwaga pia.

Na msifikiri moto ni adui tu. Kupika kunalegeza chakula, na karotini iliyokuwa imefungiwa ndani inatoka kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana kiazi kilichopikwa kinampa mtoto zaidi kuliko kibichi, na nyanya zilizopikwa kwa mafuta kidogo zinatoa ile rangi yake nyekundu vizuri kuliko nyanya mbichi. Kwa hiyo kupika ni sawa. Kinachoharibu ni kupika kupita kiasi.

HESABU YA MAHARAGWE

Nimekuja na maharagwe mia moja kwenye bakuli hili. Tuseme hii ndiyo karotini iliyo ndani ya kiazi kikiwa shambani. Mama hapa mbele, hebu nisaidie kuhesabu.

Njia ya kwanza ni ile niliyowafundisha akina mama wale. Tunakata na kukausha. Vipimo vilivyofanywa katika nchi zetu vinaonyesha kwamba kukausha viazi vya rangi ya machungwa kwa uangalifu mara nyingi kunapoteza thuluthi moja au chini ya hapo. Tuseme robo. Toa maharagwe ishirini na matano. Yamebaki 75.

Sasa tunaweka stoo. Huko Uganda, viazi vilivyokaushwa na kuwekwa miezi 4 katika joto la kawaida la nyumba vilipoteza karibu asilimia 70 ya karotini yake. Asilimia sabini! Toa mama, toa. Yamebaki kama 22. Mnaona? Mimi siku zote nilidhani jua ndilo mwizi. Kumbe mwizi mkubwa ni stoo.

Halafu tunakanda na kuchemsha. Hapa nakisia tu: tuseme sehemu moja kwa tano inapotea. Yamebaki 18.

Rudisha yote mia, tujaribu njia ya pili. Kiazi kibichi kinachemshwa na ganda lake, sufuria imefunikwa, dakika 20. Watafiti wa Afrika Kusini walipima wakapata kwamba zaidi ya asilimia 90 ilibaki. Toa nane. Yamebaki 92. Tunaponda, tunakanda na unga wa ngano siku hiyo hiyo, tunapika. Toa sehemu moja kwa tano tena, kama 18. Yamebaki 74.

Kiazi ni kile kile na mama ni yule yule. Huku 18, huku 74. Hiyo ndiyo hesabu ambayo ningejua mapema, kile kikundi kisingepoteza pesa yake.

KUKATA NA KUKAUSHA

Wakati mwingine lazima tukaushe, najua. Viazi ni vingi, fukusi anangoja, na ardhi ikipasuka wakati wa kiangazi anaingia mpaka kwenye kiazi. Basi tukaushe kwa akili.

Vuna na ukaushe upesi, usiache viazi vikae wiki nzima kwenye gunia. Osha kabla ya kukata, si baada ya kukata. Kata vipande vyembamba vinavyolingana ili vikauke siku moja au mbili. Kipande kinene kinakaa na unyevu, kinachacha, kinashika ukungu.

Usianike chini. Tumia kitanda cha wavu au turubai safi. Viazi vinaweza kuvumilia jua kama hali ya hewa ni nzuri na vinakauka haraka. Lakini mboga za majani, tafadhali, zisianikwe kwenye jua kali wazi. Jua linazipausha, na karotini inakwenda na rangi. Zianike kivulini penye upepo, au kwenye kikaushio kilichofunikwa.

Na kabla ya kukausha majani, yapitishe kwenye mvuke dakika mbili au tatu tu. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya kila jani kuna vimeng'enya, vitu vidogo vinavyoharakisha kuharibika. Hivyo ndivyo vinavyofanya ovakado na ndizi kuwa kahawia. Mvuke unaviua. Utapoteza vitamini C kidogo, ni kweli, lakini utaokoa rangi na mengine mengi. Hata hivyo msitegemee majani makavu kuwapa vitamini C. Hiyo tafuteni kwenye mapera, maembe, machungwa na mboga mbichi.

KUWEKA

Hapa ndipo pa kukaza mikono.

Kwanza, hakikisha ni kavu kabisa. Kipande kivunjike "ta!" ukikikunja. Pili, tumia mkebe wa bati au ndoo yenye kifuniko cha kubana, si chupa ya kuonyesha. Mwanga usiingie. Tatu, jaza mpaka juu, kwa maana nafasi iliyobaki juu ni nyumba ya hewa. Nne, weka mahali pa baridi: chini, mbali na jiko, si chini ya mabati yanayochomwa na jua. Tano, andika tarehe. Uliokauka kwanza utumike kwanza. Mimi sasa nawaambia watu: fanya kidogo kidogo, utumie katika wiki chache. Usijisifu kwa magunia.

Njia iliyo bora zaidi ni kupanda kwa zamu. Badala ya kupanda shamba lote siku moja, panda sehemu leo, sehemu nyingine baada ya mwezi. Hapo utakuwa na kiazi kibichi kwa muda mrefu, na hutahitaji unga wa zamani.

KUKANDA

Jambo hili lilinishangaza. Hata ngano yenyewe ina kimeng'enya ambacho, ukichanganya unga na maji na kukanda, kinasaidia hewa kuishambulia karotini. Ndiyo sababu tambi za manjano huweza kupauka kwenye kukanda tu. Kwa hiyo kanda mpaka donge liwe laini, halafu acha. Lifunike lipumzike nusu saa. Kupumzika kunalainisha donge bila kulipiga hewa muda wote.

Tena msiongeze viazi au majani kupita kiasi. Ngano inavutika, ndiyo maana tambi hazikatiki. Viazi na majani havina nguvu hiyo. Ukizidisha, tambi zitavunjika kwenye sufuria na kugeuka uji. Kwa vikombe vinne vya unga wa ngano, unga wa majani makavu vijiko viwili au vitatu vya mezani vinatosha. Zaidi ya hapo ni uchungu, na watoto watakataa.

MAGADI

Najua magadi tunayapenda. Yanalainisha kunde na mboga ngumu za kienyeji, na kuzifanya ziwe kijani. Huko Uchina na Japani nako kuna tambi zinazokandwa na maji ya chumvi zinazofanana na magadi, ili ziwe ngumu na za kuvutika.

Lakini angalieni. Nina maji ya kabeji ya zambarau kwenye glasi mbili. Hii naweka ndimu: imekuwa nyekundu. Hii naweka magadi: imekuwa buluu, sasa inakwenda kijani. Mmeona jinsi ile rangi ilivyoguswa? Rangi hiyo ni antioksidanti, na kwenye magadi haikai muda mrefu. Vitamini C pia inaharibika upesi kwenye magadi, na vilevile vitamini B1.

Na kuna jambo la udanganyifu hapa. Unga mweupe wa ngano ukiwekwa magadi unakuwa wa manjano. Mteja anaona manjano, anafikiri ni viazi ama ni mayai. Kumbe hakuna karotini yoyote, ni magadi tu. Kwa hiyo tusipime chakula kwa rangi peke yake, na tusimdanganye mteja kwa rangi.

KUPIKA NA KULA

Chemsha maji kwanza yachemke kabisa, ndipo utie tambi. Tambi mbichi za nyumbani zinaiva katika dakika nne au tano, msiziache zikatokota robo saa. Tumia maji ya kiasi, na usiyamwage. Yafanye mchuzi au supu. Kilichotoka kwenye tambi na mboga kitarudi kwa sahani.

Ongeza mafuta kidogo, hata kijiko kimoja cha chai kwa sahani ya mtoto, kwa maana karotini bila mafuta inapita tu mwilini. Ndugu zetu wa Pwani wanapika tambi zao kwa tui la nazi na iliki. Hilo tui ni mafuta tayari. Ninyi mnaweza kutumia maziwa, njugu zilizosagwa au ovakado.

Njia ya kutengeneza ni hii. Chukua vikombe vinne vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha viazi vya rangi ya machungwa vilivyochemshwa na kupondwa vikiwa vimekauka maji, mayai mawili, kijiko kimoja cha mafuta na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kanda. Donge likiwa gumu sana nyunyiza maji kidogo, likinata ongeza unga. Funika nusu saa. Sukuma nyembamba kama chapati, tena nyembamba zaidi. Nyunyizia unga, kunja, ukate vipande vyembamba kwa kisu. Mashine si lazima. Pika siku hiyo hiyo.

Tusijidanganye, lakini. Kikombe kimoja cha viazi kwa vikombe vinne vya ngano si kitu kikubwa ukigawanya kwa watoto sita. Kiazi chenyewe kwa sahani kina nguvu zaidi. Huko Afrika Kusini, watoto wa shule ya msingi walipewa gramu 125 za kiazi cha rangi ya machungwa kilichochemshwa, kwa siku 53 za shule, na hali yao ya vitamini A ikawa bora. Hiyo gramu 125 ni kiazi kimoja cha kiasi tu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005. Kazi ya viazi hivi imeheshimiwa ulimwenguni: mwaka 2016 Maria Andrade, Robert Mwanga, Jan Low na Howarth Bouis walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Na Robert Mwanga ni jirani yetu wa Uganda.

Kwa hiyo tambi ni za biashara, na za kumbembeleza mtoto asiyetaka kula. Hazichukui mahali pa mboga. Yule mama na mjukuu wake ndio walionifundisha hilo.

TUSIUZE CHAKULA KAMA DAWA

Neno la mwisho. Siku hizi kila kitu kinauzwa kwa kusema "kina antioksidanti, kinaponya kansa, kinaponya sukari". Msiandike hivyo kwenye mikebe yenu. Mwaka 1994 huko Finland yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wanaume zaidi ya 29,000 wanaovuta sigara. Baadhi yao walipewa vidonge vya karotini kwa miaka kadhaa, kwa matumaini kwamba vitazuia kansa ya mapafu. Waliomeza vidonge vya karotini walipata kansa hiyo zaidi kuliko ambao hawakumeza.

Hiyo haina maana kwamba viazi ni vibaya, hapana! Karotini ya kiazi na mboga ni chakula, na inakuja pamoja na mambo mengine mengi mazuri. Lakini kuitoa peke yake, kuikoleza na kuifanya dawa ni jambo lingine. Uza tambi zako kama tambi. Sema ni za viazi, zimetengenezwa tarehe fulani. Hiyo inatosha, na ni kweli. Na mkitaka kuuza madukani, fuateni utaratibu wa alama ya ubora ya KEBS kabla ya kuchapa karatasi za kubandika.

MASWALI

Mama mmoja aliuliza: Zile tambi za dukani za kuiva haraka, zina nini?

Jibu: Zilianzishwa na Momofuku Ando huko Japani mwaka 1958. Tambi zinapikwa kwa mvuke, halafu nyingi zinakaangwa kwa mafuta ya moto sana mpaka zikauke. Ndiyo maana zinaiva upesi. Zinashibisha, lakini ni unga mweupe, mafuta na chumvi nyingi kwenye kile kipakiti. Ukilazimika kuzipika, weka nusu ya kile kipakiti cha chumvi, tia mchicha mwingi uliokatwa dakika mbili za mwisho, na yai. Hapo umeongeza chakula.

Mzee mmoja aliuliza: Tukitumia mtama mwekundu badala ya viazi, je?

Jibu: Vizuri, mzee wangu. Mtama mwekundu una polifenoli, nazo zimekaa zaidi kwenye lile ganda. Ukikoboa mpaka uwe mweupe, umezipeleka kwa kuku. Lakini kila kitu kina upande wake wa pili: polifenoli hizo zinazuia mwili kuchukua chuma kutoka kwenye chakula. Kwa hiyo mle pamoja na tunda lenye vitamini C, na mpunguze chai wakati wa kula. Nao mtama hauvutiki kama ngano, mchanganye kidogo tu.

Mama mwingine aliuliza: Viazi vya kuponda vinaweza kuingia kwenye vitu vingine?

Jibu: Sana. Chapati, mandazi, hata mkate. Huko Msumbiji waoka mikate walitengeneza mkate ambao zaidi ya thuluthi ya unga wa ngano ilibadilishwa na viazi hivi vilivyopondwa. Waliuita mkate wa dhahabu. Kwenye mandazi, usikaange mara nyingi na mafuta yale yale. Mafuta ya zamani yameshaharibika, na yanaharibu karotini pia.

Kijana mmoja aliuliza: Kile kikundi kiko wapi sasa?

Jibu: Kipo. Nilirudi kwao, nikawaambia mbele ya wote kwamba kosa lilikuwa langu. Mwenye kiti akasema, "Basi mwalimu, leta jembe, tupande kwa zamu." Sasa wanachemsha viazi asubuhi na kutengeneza tambi siku moja kwa wiki, za kuuza siku hiyo hiyo. Chupa za dirishani wamezigeuza za maharagwe. Na yule mjukuu anakula mboga kwanza, halafu tambi.

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kifanye jaribio hili. Chukueni unga wa viazi au wa majani uliokauka leo. Gawanyeni mara mbili. Nusu muweke kwenye chupa ya kuonyesha, nusu kifuniko, dirishani. Nusu nyingine muijaze kwenye mkebe wa bati mpaka juu, mfunge, muuweke mahali pa baridi. Andikeni tarehe. Baada ya miezi miwili fungueni vyote viwili juu ya karatasi nyeupe, na kila mwanachama aangalie kwa macho yake mwenyewe.

Mje mtuambie mmeona nini. Na sasa kimbieni mkatoe mahindi, naona wingu.